Chumvi ya Domitila

Nachingwea, Jumamosi 6 Juni 1998

Shule ilifungwa jana. Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Baiolojia, kurasa nne tu zimeandikwa, na Mkuu wa Shule hatalikagua mpaka Julai, basi nalichukua. Nitaandika humu mambo ya jando la Fortunatus, mtoto wa dada yangu Domitila, maana mwaka huu mjomba ni mimi na sitaki kukosea hata kitu kimoja. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba atalima, atalipa ada, atachapa, lakini siku ya jando anakaa pembeni. Mjomba ndiye anayempeleka mtoto kumbini, kambi ya jando msituni, na ndiye anayeulizwa kila kitu.

Sasa tatizo, nami naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma: mimi mwenyewe sikupita jando. Nilikwenda seminari nikiwa na miaka kumi, nikatahiriwa hospitali, sindano ya ganzi, plasta, kwisha. Nyumbani wote wanajua. Hakuna anayesema, ila wazee wakiniita "Mwalimu" nasikia wanavyolivuta hilo neno. Nimemwomba mwenzangu Mikidadi, anayefundisha Jiografia na aliyekaa kumbini miezi miwili huko kwao Ruponda, aniandikie taratibu. Ameniandikia karatasi mbili. Nazikariri kama mtihani wa taifa.

Likunja, Alhamisi 11 Juni

Nimefika kwa dada. Nimeshtuka. Domitila amekuwa mweusi, na sisemi weusi wa jua la shambani, yeye ni mweusi mpaka kwenye mistari ya viganja. Amekonda pia. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu wa kuvuna mbaazi.

Shemeji Bernardo akaanza utani wake. "Mwalimu, dada yako ananifilisi. Mke gani huyu anakula chumvi kama ng'ombe? Mwangalie." Kweli, Domitila alikuwa anatafuna muhogo mbichi na chumvi ya mawe kiganjani, anachovya, analamba, anachovya tena.

"Nikiikosa naona kizunguzungu," akasema, na kucheka.

"Una mimba wewe," nikamwambia.

"Mimba ya miaka miwili, Severini? Huyo atazaliwa na ndevu."

Tulicheka sana. Mama yetu, Mama Lusia, peke yake hakucheka.

Likunja, Jumamosi 13 Juni

Fortunatus ameingia kumbini. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kwenye kizuizi cha nyasi, hapo nikasimama, maana asiyekaa kumbini havuki. Mkuu wa kumbi, Mzee Abdulatifu, akampokea mkono wangu ukiwa bado begani kwake. Mtoto hakugeuka. Ana miaka kumi na moja.

Kisha nikarudi kwa wanawake, nikasema maneno ya mwiko wa chumvi, mbele ya watu, bila karatasi: "Domitila, mtoto ameingia. Chumvi utaionja siku atakayotoka." Mama wa mwari, mtoto aliyeko jandoni, akionja chumvi, kidonda cha mtoto kinachonyota na hakikauki, hivyo ndivyo inavyoaminika huku, kwa Waislamu na kwa sisi Wakatoliki vilevile. Domitila akapiga magoti, akakubali.

Mama akakohoa. Akaniangalia kama anangoja niendelee. Lakini karatasi ya Mikidadi ilikuwa imeishia hapo, nikakaa. Nadhani nilisema vizuri. Wazee waliitikia kwa vichwa. Nimefurahi, acha niseme ukweli.

Nachingwea, Ijumaa 19 Juni

Naijeria wameshinda. Betri za redio ya Mikidadi zilikufa katikati ya mpira, tukasimuliwa na watu wa sokoni.

Jumapili 21 Juni

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya chungu.

Jumatano 24 Juni

Tuisheni ya kidato cha nne. Leo nilifundisha nje ya mtaala, kutoka kwenye kile kitabu cha chuo kikuu kisicho na jalada, na ninaona haya kusema lakini nilifundisha vizuri. Kuna tezi mbili ndogo zimekaa juu ya figo kama kofia. Zinaitwa adrenali. Seli zake za nje kazi yake ni kutengeneza homoni ya kushika chumvi mwilini. Sasa, nikawauliza, seli haina mdomo wala masikio, inaambiwaje ianze kazi?

Mmoja akasema, "Inapigiwa simu, Mwalimu." Nikamwambia karibu umepatia. Ujumbe unakuja kwenye damu, unagonga ukutani kwa seli. Seli inafungua vijilango, kalsiamu inaingia kwa kasi, na kule kuingia kwa kalsiamu ndiyo amri yenyewe: tengeneza, toa. Na seli za tezi hizi hazikai kila moja na lake. Zimeshikana, zina vijinjia vya kupashana habari, moja ikisikia, jirani yake nayo husikia. Nikachora ubaoni mpaka chaki ikaisha. Homoni ikitoka inakwenda kwenye figo kusema neno moja tu: chumvi isitoke. Chumvi ikitoka na maji yanaifuata, presha inashuka, mtu anaanguka.

Wakanipigia makofi. Watoto wa kidato cha nne kupiga makofi kwa tezi! Nimelala na raha.

Jumatano 1 Julai

Barua ya Bernardo, imekuja na dereva wa lori. Kidonda cha Fortunatus kimeharibika. Wenzake wanakauka, yeye anatoa usaha. Watu wameshaanza kusema Domitila ameonja. Bernardo ameandika, "Mwalimu njoo wewe mwenyewe, mimi hapa si lolote."

Likunja, Jumamosi 4 Julai

Nimemwita dada ndani, nikafunga mlango. Nikamwuliza, "Umeonja?"

Nikauliza tena kwa sauti ile ya darasani, ninaijua, ile ya kumwuliza mtoto aliyeiba chaki. Akaanza kulia.

"Mara moja tu. Wiki ya kwanza. Kifuko kilikuwa tupu, nikakikung'uta kiganjani, zikatoka punje tatu. Nikalamba. Severini, mwili wangu wote ulikuwa unaililia. Nilikuwa siwezi kusimama."

"Mtoto yuko na kidonda wewe unalamba chumvi? Wewe ni mama wa namna gani?"

Hayo nimeyasema mimi. Mwalimu wa Baiolojia, mwenye shahada ya Mlimani. Nilijua kabisa kwamba punje tatu za chumvi Likunja haziozeshi kidonda kilichoko msituni. Lakini wazee walikuwa barazani wananisikiliza, na mimi nilitaka wamsikie mjomba. Domitila akaapa kwa Bikira Maria kwamba hataigusa tena hata akifa. Aliponyanyuka alishika ukuta. Baadaye akatapika. Nikasema ni malaria, nikampa klorokwini.

Jioni nikaenda kwenye kizuizi cha kumbi. Mzee Abdulatifu akatoka kunisalimu. Mfupi, kofia ya mkono, anaongea taratibu.

"Kidonda kitapona," akasema. "Maji ya kijito mwaka huu mabaya tangu zile mvua za Elinino. Mama yake hajambo?"

"Hajambo, Mzee."

"Hajambo kweli?"

"Hajambo kabisa."

Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi ndani.

Nachingwea, Ijumaa 10 Julai

Hakuna habari. Hakuna habari ni habari njema, nasema hivyo.

Jumatatu 13 Julai

Shule imefunguliwa. Mkuu ameulizia daftari la maandalio. Nimemwambia limeliwa na mchwa.

Alhamisi 16 Julai

Upepo haujakoma. Nimeota Domitila anakula muhogo.

Jumamosi 18 Julai

Dereva wa lori la mbaazi amenifuata mpaka nyumbani. Domitila alianguka jana akiwa kisimani. Bernardo na Mama wamempakia juu ya magunia na kumpeleka hospitali ya misheni. Naondoka sasa hivi.

Hospitali ya misheni, Jumapili 19 Julai

Nilimkuta kitandani macho yamegeuka. Daktari ni sista, Sista Valentina, mama wa makamo, anatembea haraka na ana ulimi mkali kama wangu. Presha ya dada ilikuwa sabini kwa arobaini. Sista alimfunua mdomo, akaangalia fizi: nyeusi, kama zimepakwa wino. Akakunjua viganja. Kisha akauliza, "Aliwahi kuugua kifua kikuu?"

Ndiyo, mwaka tisini na tatu. Alichomwa sindano miezi miwili, akapona.

"Kifua kilipona," akasema Sista. "Lakini wale wadudu wanajificha. Mwalimu, unajua tezi za adrenali?"

Najua tezi za adrenali! Nilikaa kwenye benchi. Akanieleza, na kila neno nilikuwa nalijua. Tezi za dada zimeliwa, zimekuwa makovu. Ujumbe unakuja kugonga na ndani hakuna mtu wa kufungua. Kalsiamu haina seli ya kuingia. Ubongo ukiona haujibiwi unaita zaidi, unamwaga homoni ya kuita usiku na mchana, na homoni hiyo ikizidi ndiyo inayoitia ngozi weusi. Kwa hiyo ule weusi niliouona Juni ulikuwa ni kelele. Dada alikuwa anapiga kelele mwili mzima, mimi nikamwuliza kama ana mimba.

"Mtu wa namna hii chumvi haikai mwilini," Sista akaendelea. "Anaishi kwa ile anayokula tu. Ndiyo maana huwa wanaitamani kupita kiasi. Huyu nashangaa, ni kama aliacha kabisa. Aliacha lini?"

"Tarehe kumi na tatu Juni."

"Nani alimwambia aache?"

Nikamjibu. Mimi.

Sista akaenda kabatini. Haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni za tezi hizo, ilikuwapo vichupa viwili. Akamdunga kimoja, akamtundikia dripu. Kufika saa kumi jioni Domitila alifungua macho, akakaa, akaomba uji. Bernardo alitoka nje akapiga magoti kwenye mchanga. Asante Mungu. Asante, asante.

Jumatatu 20 Julai

Asubuhi alikuwa anaongea vizuri kabisa. Akamwuliza nesi, "Mwanangu, hii chupa ina nini?"

Nesi, msichana wa watu, akajibu, "Maji ya chumvi, mama."

Mimi nilikuwa naosha uso uani. Niliporudi damu ilikuwa inachuruzika mkononi kwake, mpira unaning'inia, maji yanadondoka sakafuni. Ameing'oa.

"Severini, unataka kuniulia mtoto?"

Nikamweleza. Mungu wangu, nilivyomweleza! Figo, homoni, presha, nikamchorea juu ya karatasi ya dawa. Nikamwambia chumvi ya mshipani siyo ya mdomoni, haijaonjwa.

"Chumvi ni chumvi," akasema. "Mtoto wangu ameoza kwa punje tatu. Leo wewe unanimiminia chupa nzima."

"Basi nakuruhusu. Mimi mjomba nimeufunga mwiko, mimi naufungua."

Akanitazama kwa huruma, afadhali angenitukana. "Unaufungua kwa maneno ya wapi, mdogo wangu? Hukukaa kumbini wewe."

Miaka yote hakuna aliyewahi kunitamkia. Yeye ndiye alikuwa ananitetea.

Mama alikaa miguuni pa kitanda. Ananitazama tu. Hasemi.

Jumanne 21 Julai

Sista amejaribu tena dripu alfajiri, dada akiwa usingizini. Ameing'oa tena. Kichupa cha pili cha haidrokotisoni kimekwisha, vidonge anavitapika. Sista ananiambia pembeni, "Siwezi kumfunga mgonjwa kamba. Na sindano bila maji na chumvi ni siku mbili, tatu. Wewe ni kaka yake, fanya kitu." Nimetuma watu kutafuta dawa mpaka Masasi.

Nilirudi nikampigia magoti dada yangu. Nililia mbele ya wagonjwa kumi na wawili. Akanishika kichwa, mkono wa baridi, akasema, "Akitoka nitakula gunia zima. Nitakula mpaka Bernardo aniache." Akacheka kidogo, akatapika.

Hapo ndipo Mama alipofungua mdomo. Alinivuta mpaka nje ya wodi. "Nenda kwa Abdulatifu."

"Nikafanye nini huko? Mgonjwa yuko hapa!"

"Kamwulize mwari ambaye mama yake anaumwa anafanyiwaje. Uliza hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze. Uliza."

Sista amenipa dawa ya unga na sindano za penisilini kwa ajili ya kidonda cha mtoto, na maneno: "Maji yachemshwe." Naondoka na gari la padri. Andiko hili naliandika gari likiruka juu ya makorongo.

Likunja, Jumatano 22 Julai, saa saba mchana

Gari la padri limeshaondoka. Naandika nikisubiri lori, na nisipoandika nitapasuka.

Nilifika kizuizini, nikaita. Mzee Abdulatifu akatoka. Sikumsalimu sawasawa. Nikauliza kama Mama alivyonifundisha: "Mzee, mwari ambaye mama yake anaumwa anafanyiwaje?"

Akavua kofia yake. Akasema, "Ndiyo umeuliza leo?"

Kumbe njia ipo. Ipo tangu enzi. Mama wa mwari akiwa mgonjwa, au ananyonyesha, au mzee, mwiko wa chumvi anashikiwa na mwingine: dada yake, mama yake, hata mke wa mjomba. Yeye anakula kama kawaida, na mtoto anapona. Kitu cha kawaida kabisa. Msimu huu kati ya wari tisa, mama watatu wameshikiwa. Ila mwanamke haombi kushikiwa, wala mwenzake hajitolei, ingeonekana wanautoroka mwiko. Mjomba ndiye anayeuliza, na mjomba ndiye anayemtaja wa kushika. Siku ileile ya kwanza, mara baada ya maneno ya mwiko.

Mara baada ya maneno. Pale Mama alipokohoa.

"Mzee, kwa nini hukuniambia? Ulinisalimu hapa tarehe nne!"

"Nilikuuliza mama yake hajambo. Nikakuuliza mara mbili. Ukasema hajambo kabisa." Hakuwa na hasira. "Mwalimu, sisi tulimwona Domitila anavyokwisha. Tukasema, mjomba wake ni msomi wa miili ya watu, akinyamaza ana sababu. Tukakungoja."

Karatasi ya Mikidadi haikuandika hilo kwa sababu Mikidadi hakujua mama atakuwa mgonjwa, na mimi sikumwambia. Sikumwuliza mtu. Niliogopa kuuliza swali ambalo mtoto yeyote aliyekaa kumbini analijua. Basi hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Aibu yangu.

Nikampa dawa za Fortunatus, nikamweleza juu ya maji. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie Domitila, Abdulatifu amesema ale. Mtaje wa kushika. Kimbia."

Ruponda, siku hiyohiyo, jioni

Lori limezama kwenye kalvati lililobomolewa na mvua za mwaka jana. Tumesukuma saa tatu. Nimemwomba kila mwenye baiskeli. Hakuna simu. Ninalo neno moja tu mfukoni, linatosha kumponya mtu, na nimekaa kando ya barabara kama gunia. Ee Mungu, mshikilie mpaka nifike. Mshikilie tu.

Hospitali, Alhamisi 23 Julai

Nimefika saa mbili asubuhi. Domitila alifariki jana saa kumi na moja na nusu jioni. Alipopoteza fahamu Sista alijaribu tena dripu, mikono yote, miguu yote, mishipa ilikuwa imelala, sindano haikupata pa kuingia. Dawa ya Masasi imefika leo pamoja na mimi.

Mama alikuwa amekaa palepale, miguuni pa kitanda, kitanda kimeshatandikwa.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza, Mama."

"Basi niambie."

Sikuelewa. Dada yangu ameshafungwa sanda, niseme nini? Akanikazia macho. "Mtoto bado yuko kumbini, Severini. Niambie."

Nikasema, "Mama, mshikie Domitila mwiko wa chumvi."

"Nimeshika," akasema. Ndipo akalia.

Likunja, Jumamosi 25 Julai

Tumemzika. Mwari haambiwi msiba mpaka atoke, hata akifiwa na mama. Wazee wamekubaliana, na kumbini ngoma zilipigwa kama kawaida wakati sisi tunashusha jeneza. Upepo ulikuwa unazileta na kuzirudisha.

Jumapili 26 Julai

Nimemwuliza Mama kwa nini hakunivuta pembeni tangu Juni na kuninong'oneza. Alikuwa anapembua mchele. Akasema, "Wangejua umefundishwa na mwanamke. Wangekucheka mpaka uzeeni. Nikasema ngoja, atauliza mwenyewe. Halafu nikasema, labda vitabuni kuna sababu." Akaendelea kupembua.

Alikuwa ananisitiri. Mimi ndiye niliyemuua Domitila, na wote walionizunguka walikuwa wananisitiri.

Nachingwea, Alhamisi 30 Julai

Nimeingia darasani, nimeshindwa kuandika tarehe ubaoni. Mikidadi amenishikia vipindi.

Jumanne 4 Agosti

Nimekula bila chumvi. Na jana. Hakuna aliyeniambia, wala haisaidii kitu.

Jumapili 9 Agosti

Bernardo ameandika: kidonda kimekauka. Likunja wanasema ni kwa sababu Mama Lusia ameshika vizuri. Mimi nasema ni penisilini na maji ya kuchemsha, lakini nimesemea humu tu. Zamani ningebishana mpaka mate yanikauke. Leo sina uhakika ninajua nini.

Ijumaa 14 Agosti

Upepo umetulia. Mikorosho inaanza kutoa maua.

Alhamisi 20 Agosti

Kesho naondoka. Jumamosi wari wanatoka. Wazee wamenipa agizo: nisimwambie mtoto uwanjani, nimwache ale sherehe na wenzake, nimwambie nyumbani jioni, mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye mtoto. Nimeandaa maneno. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimeichana.

Likunja, Jumamosi 22 Agosti

Walitoka saa nne asubuhi, vichwa vimenyolewa na kufunikwa vitambaa, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Nyuma yao moshi wa kumbi linalochomwa. Vigelegele vikapasua masikio. Kila mama akamkimbilia wake, akamfunua uso, akamtia chumvi ulimini, kidogo tu, watu wanacheka na kulia. Fortunatus alisimama mwisho wa mstari. Amerefuka. Hakuangaza macho kumtafuta mtu. Wenzake wote walikuwa wanachungulia chini ya vitambaa, yeye ametazama vidole vyake vya miguu.

Nikamwendea na Mama. Nilikuwa nimeshajipanga: mama yako amechoka, tutamkuta nyumbani. Uongo mdogo wa masaa machache.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Pole na hongera. Mama yako..."

"Najua."

Nikamwangalia Mzee Abdulatifu. Alitikisa kichwa, kwamba si yeye aliyesema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna." Sauti yake imeanza kuwa nzito. "Mboga ya kutoka nyumbani ilikuja na karanga. Mama hanipikii karanga, nikila navimba midomo. Nikasema labda ana homa, atapona apike. Nikangoja siku tatu. Halafu Mzee akaanza kunipa minofu ya sahani yake. Mwari hapewi minofu ya mkuu. Alinipa kila siku, wengine hakuwapa. Hapo nikajua."

Mwezi mzima. Mtoto wa miaka kumi na moja amekaa nalo mwezi mzima, analala nalo katikati ya wenzake wanane, anaimba nalo.

"Mbona hukuuliza, mwanangu?"

"Mwari haulizi, Mjomba. Na halii. Tuliambiwa siku ya kwanza."

Mama alikuwa na chumvi kidoleni. Akamfungua mdomo, akamtia, na yeye akala ile iliyobaki, ya kwanza tangu Julai. Fortunatus akaimeza. Kidevu kikaanza kumtetemeka, akakikaza kwa nguvu. Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, sasa nimetoka, siyo?"

"Umetoka."

"Kwa hiyo naruhusiwa..."

Sikumwacha amalize. Nikamwambia, "Lia, baba. Nimekuruhusu." Akalia palepale uwanjani mbele ya watu wote, na mimi nikalia naye.